Radio ku mine: antene njo inabeba sauti yako

Kila siku, ku karieri za Haut-Katanga, pick-up ndogo zinaingia fasi kamiyo kubwa za kubeba mawe zinapita. Shofere wa kamiyo ile anakaa juu sana, kama ku etaji. Mbele, nyuma na upande wa kuume kuna fasi kubwa ambazo macho yake hayafike. Ukiwa pale, hakuoni. Radio njo inamuambia kama uko.

Watu mingi wanafikiri radio muzuri ni ile ya wati mingi. Toki-woki ya mukono inatoa karibu wati 5, radio ya motokari inaweza kufika 25 ao zaidi. Lakini antene ikiwa mubaya, nguvu ile inarudia ndani ya radio na inaweza kuichoma, na mwenzako hasikie kitu.

Urefu wa antene hauchaguliwe kwa macho. Ku VHF ya megahezi 150, antene ya robo ya wimbi inakuwa na karibu santimetre 50. Ku UHF ya megahezi 450, karibu 17. Kwa hiyo usikate antene juu inagonga matawi ya miti, na usiazime ya mwenzako bila kujua radio yake ni ya namna gani.

Fasi ya muzuri ni katikati ya paa ya motokari. Tole ya paa inasaidia antene kutuma sauti pande zote sawasawa. Ukiifunga ku kona, upande moja watakusikia, mwingine kidogo tu. Kama ni antene ya sumaku, pangusa vumbi kwanza, ili ishike. Kable isibanwe na mulango. Waya wa moto utoke ku batri, na fuzible ikae karibu na batri, juu waya ukichubuka motokari isiwake moto. Kisha fundi apime na TOS-metre: 1,5 ao chini ni muzuri, ikifika 3, usitume sauti mpaka atengeneze. Na usifinye butoni hata siku moja kama antene haijafungwa.

Tukumbuke tena: karieri ni shimo. Mawimbi ya VHF na UHF yanapenda njia wazi, na ukuta wa mawe unayakata. Njo maana wanaweka releye juu, ku mupaka wa shimo. Chini ya udongo, kama ku Kipushi, karibu kilometre 30 toka Lubumbashi, jiwe linazuia mawimbi zaidi. Ku mine mingi za namna ile duniani, wanapitisha ndani ya galeri kable ya pekee inayotoa mawimbi njia yote.

Sasa, namna ya kusema. Sikiliza kwanza kama kanali iko wazi. Finya butoni, hesabu moja, kisha sema. Bila hivyo neno la kwanza linakatika. Taja mwenye unaita, kisha wewe, kisha fasi uko: «Kamiyo 12, huku pick-up 4, niko nyuma yako upande wa kuume, naomba kupita.» Halafu ngoja jibu. Asipojibu, usisogee. Pengine hakusikia, pengine batri yake imekufa. Kimya si ruhusa.

Fasi wanatayarisha dinamiti za umeme, zima radio mbali, sawa kibao kinavyosema. Mawimbi yanaweza kuamsha umeme ndani ya waya za detonateri.

Usinunue radio na kuingia ku kanali unayotaka. Masafa yanatolewa kwa ruhusa ya ARPTC, na ukisema juu ya kanali ya wengine unaweza kufunika sauti ya mutu anayeomba musaada.

Na kwenu mama na baba wa nyumba: toki-woki ikiletwa kuchajiwa, izimwe na iwekwe mbali na watoto. Kama nyumba iko karibu na mine, mutoto akikalia butoni ile, wafanyakazi ku shimo hawawezi tena kuitana. Asubuhi itoke na batri imejaa. Mwenye kuibeba, njo vile atarudi.