Ua Refu Kuliko Chungu Chake

Mkulima wa maua ya vyungu akiona poinsetia zake zimerefuka mpaka zinalala, hukimbilia kuulizia dawa ya kufupisha. Ningependa aanze na kipimajoto.

Hapa kwetu Likasi tuko kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi. Katika mwezi wa 6 na wa 7, usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na mchana wake jua likapandisha joto hadi 25. Katika miaka ya 1980, John Erwin na Royal Heins wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kinachorefusha pingili ni pengo kati ya joto la mchana na la usiku: likipanuka, pingili hurefuka. Basi kiangazi chetu, ambacho wengi hudhani baridi yake hudumaza maua, ndicho huyanyoosha. Tena ndiyo majira ambayo poinsetia huiva wekundu kwetu huku kusini mwa ikweta, kwa kuwa usiku ni mrefu.

Msongamano nao huchangia sana. Majani ya jirani hula nuru nyekundu, na mche unaobaki kivulini hukimbilia juu kuitafuta. Tenganisha vyungu majani yasigusane, kata ncha mapema, na huenda dawa usiihitaji kabisa.

Ukiihitaji, elewa inavyofanya kazi. Mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa alionyesha kuwa kuvu fulani hutoa kitu kinachourefusha mpunga kupita kiasi. Baadaye kikaitwa jiberelini, na mimea yenyewe huitengeneza. Dawa hizi huuzuia mche usiitengeneze. Haziwezi kufupisha pingili ambayo tayari imenyooka, kwa hiyo hutumika machipukizi yakiwa bado mafupi, wiki chache tu baada ya kukata ncha.

Hapa ndipo watu huharibu maua mazuri. Daminozidi, mojawapo ya dawa hizi, huingia kwa majani. Ukiimwaga kwenye udongo huvunjika upesi, ni hasara tupu. Hunyunyizwa mara nyingi kwa kiasi cha sehemu 2,500 katika milioni. Paklobutrazoli, dawa nyingine ya aina hii, huingia kwa shina na mizizi, ikapanda na maji. Ikimwagwa kwenye chungu cha poinsetia, sehemu 1 katika milioni yaweza kutosha. Anayepima zote mbili kwa kifuniko kile kile cha chupa atapata miche iliyokunjamana, na hata akinyunyiza jiberelini kuiokoa, haitarudi yote katika hali yake.

Paklobutrazoli hukaa udongoni miezi mingi. Udongo wa vyungu vilivyomwagiwa dawa hiyo usiumwage kwenye tuta la lengalenga, wala usioteshe mboga kwenye vyungu hivyo. Daminozidi nayo, mwaka 1989, iliondolewa kwenye mazao ya chakula nchini Marekani kwa hofu ya saratani, ikabaki kwa mapambo. Iweke mbali na jiko na watoto, na uvae glavu unaponyunyiza.