Mji Unaongoja Meli Mwaka Mzima

Katika pwani ya mashariki ya Greenland, kisiwa kikubwa kupita vyote duniani, uko mji mdogo uitwao Ittoqqortoormiit. Nyumba zake ni za mbao, zimepakwa rangi nyekundu, buluu na manjano, nazo zimejengwa juu ya mwamba mtupu. Mji wa Greenland ulio karibu nao, Tasiilaq, uko mbali kama maili 500, wala hakuna barabara.

Bahari ya huko huganda. Kwa miezi tisa hivi meli haiwezi kupita, na barafu inapoachana wakati wa kiangazi, meli ya shehena hufika mara moja au mbili tu. Unga, mafuta, sukari, hata misumari, havina budi kutosha mpaka mwaka ujao. Aliyesahau kuagiza kitu hungoja, au hulipa gharama kubwa kiletwe kwa eropleni mpaka Nerlerit Inaat, kisha kwa helikopta. Tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kamwe.

Msomaji atauliza, ni nani aliyechagua kukaa mahali kama hapo? Mwaka 1925 Ejnar Mikkelsen, mtu wa Denmark, alipeleka huko jamaa za Wainuit kutoka Ammassalik, upande wa kusini, ambako wanyama wa kuwinda walikuwa wamepungua. Lakini ilikuwapo na sababu nyingine: Norway nayo ilikuwa ikiitaka pwani hiyo, na nchi yenye wakazi ni rahisi kuidai. Mwaka 1933 mahakama ya kimataifa ya The Hague iliipa Denmark haki.

Kwa upande wa nyama hawakukosa. Walipata sili, dubu weupe, na nyangumi mdogo mwenye jino refu mfano wa mkuki. Ngozi ya nyangumi huyo huliwa mbichi, nayo ina vitamini C. Ndiyo sababu watu wasiolima hata mchicha waliweza kuishi bila ya ugonjwa wa fizi. Wawindaji husafiri juu ya barafu kwa sleji, gari lisilo na magurudumu likokotwalo na mbwa.

Siku hizi riziki hiyo imekuwa na mashaka. Bei ya ngozi za sili ilianguka baada ya nchi za Ulaya kuzuia ngozi za watoto wa sili mwaka 1983. Barafu imekuwa si ya kutumainiwa kama zamani. Tena wataalamu wameshauri kwamba nyangumi wa pwani hiyo wasiwindwe kabisa, wasije wakaisha. Wawindaji hawakubali, husema kwamba wao huwaona nyangumi kila mwaka, na mtaalamu huja kwa majuma machache tu. Neno hilo si la kudharauliwa, ingawa hesabu ya wataalamu nayo ina uzito.

Wakati huohuo vijana huondoka kwenda kusoma Nuuk au Denmark, na wengi hawarudi. Mwanzoni mwa karne hii wakazi walizidi 500. Sasa hawafiki 400.