Tulikwama topeni, ndipo somo likaanza

Hebu sema kweli, msomaji: ulipokuwa sekondari ulibukua mambo mangapi usiyowahi kuyaona kwa macho? Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Dar, na nakiri. Kwa miaka kadhaa nilifundisha habari za ardhioevu kwa chaki tupu. Wanafunzi wangu waliweza kutaja mizizi ya mikoko kwa jina la Kizungu refu kama treni, lakini ukiwauliza mchu ni mti gani, kimya! Na Kunduchi ni mwendo wa daladala tu.

Basi Jumamosi moja alfajiri nikawabeba kumi na wawili wa kidato cha tatu. Tukakodi mitumbwi mitatu na wenyewe, kila mwanafunzi akavaa boya la kujiokolea. Mbabe wa darasa, yule asiyejua woga, ndiye aliyeng'ang'ania ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili. Wenzake walicheka mpaka basi.

Ndani ya mikoko nikachuma jani la mchu. "Lambeni." Wakasitasita, wakalamba. Chumvi! Mti huu huishi kwenye maji ya bahari na kutoa chumvi kwa majani. Mizizi yake iliyochomoza topeni kama penseli ndiyo pua zake, maana tope halina hewa. Mkoko nao una vituko: mbegu yake huota ikiwa bado inaning'inia mtini, ndipo ianguke.

Nikanogewa. Mzee wa mtumbwi wa mbele akaniambia mara mbili: "Mwalimu, maji yanakupwa, turudi." Nikajibu, "Dakika tano, mzee wangu." Zilikuwa siku za bamvua, na bamvua kwetu maji hushuka hata mita tatu. Dakika tano zikawa ishirini. Mitumbwi ikakaa juu ya tope, tuli! Saa mbili na nusu asubuhi, na mzee anasema tungoje mpaka saa saba mchana. Simu yangu ikaanza kulia: mzazi. Soo!

Kuwatuliza nikawapa ya vitabuni. Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000, unahesabu hata bahari isiyozidi kina cha mita sita wakati wa maji kupwa kuwa ardhioevu. "Kwa hiyo hapa tulipokwama ndipo penyewe." Hakuna aliyecheka.

Binti mmoja akawa anaangalia visiki. "Babu, hivi nani anakata hii mikoko?"

"Mimi nilikata sana, mjukuu wangu," mzee akajibu bila kupepesa. "Wanangu wawili wamesoma kwa boriti hizo. Sasa natega kaa, na kaa bila mikoko hakuna. Mngekuwa mimi, mngefanyaje?"

Wee! Nilikuwa na hotuba yangu tayari kuhusu waharibifu wa mazingira. Nikaimeza. Vijana wakabishana juani, wengine wanataka ukataji ukome leo leo, wengine wanauliza ada italipwa na nani. Waliposhtuka, mtumbwi ulikuwa unaelea.

Jumatatu mkuu wa shule akaniita. Nikasema ukweli wote, kosa ni langu. Safari hazikufutwa, ila kwa sharti moja: saa ya kwenda na kurudi anapanga mzee, si mimi. Haki yake, maana angesikilizwa tangu mwanzo tungekula chakula cha mchana nyumbani.

Kwenye jaribio nikatoa swali la babu. Wengi walijaza kurasa mbili. Yule mbabe aliandika mistari miwili: "Tumlipe babu atutembeze kila muhula. Mikoko ikiwa hai na yeye atapata hela."

Nikampa alama zote. Muhula ujao tunarudi Kunduchi. Siku za bamvua? Thubutu!