"Watu wako wengi getini": bosi wangu na dola 5 za Ford

Leo siasa na mpira naweka pembeni, kuna kitu kinanikera siku nyingi.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua kwenye godauni moja la kufungasha bidhaa (jina nalihifadhi). Kila wiki watu wanaacha, kila wiki wanaingia wapya. Siku ya kwanza sikufundishwa kitu, nikaharibu katoni, nikakatwa mshahara. Mwezi wa tatu nikasepa. Bosi wala hakushtuka: "Watu wako wengi getini." Nikadhani hiyo ndiyo akili ya biashara, mpaka niliposoma habari za Ford.

Mwaka 1913 kiwanda cha Ford cha Highland Park, Michigan, Marekani, kilianza kuunda magari ya Model T kwa mstari unaotembea. Gari linapita, kila mtu anafunga kipande chake. Muda wa kuunganisha chasisi ukashuka kutoka masaa 12 na nusu hadi dakika 93 hivi. Safi, siyo? Tatizo kazi ilichosha, watu wakakimbia. Mwaka huo waliajiri zaidi ya watu 52,000 ili wabaki na kama 14,000 tu! Getini watu walikuwepo, ila kila mgeni anafundishwa upya, na mmoja akichelewa anawachelewesha wote.

Januari 1914 Ford akatangaza dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya malipo ya zamani, na masaa ya kazi yakashuka kutoka 9 hadi 8. Watu wakatulia kazini.

Hapo ndipo penye kile wasomi wanachoita usimamizi wa kimkakati wa rasilimali watu. Jina refu, maana fupi: kampuni inajua inataka kufika wapi, halafu kuajiri, kufundisha, kulipa na kupima kazi vyote vinavuta upande huo huo. Ukitaka katoni zisiharibike huku unalipa kwa wingi wa katoni, unajipinga mwenyewe. Na afisa utumishi anayesubiri mtu aache ndipo atafute mwingine, huyo anazima moto tu. Mwenye mkakati anauliza kwanza: kwa nini wanaacha?

Msinielewe vibaya, Ford hakuwa malaika. Karibu nusu ya zile dola 5 ilikuwa bonasi yenye masharti, na alituma wakaguzi mpaka majumbani kuangalia watu wanavyoishi. Mimi hiyo sitaki!

Sasa Jumatatu nina usaili, na kibarua nakihitaji kweli. Nimeandaa maswali mawili: aliyekuwa kwenye nafasi hii aliondoka kwa nini? Na wiki ya kwanza nitafundishwa na nani? Mshkaji wangu anasema nitaonekana mjuaji nikose kazi. Mimi naona bora kujua mapema kuliko kusepa tena mwezi wa tatu.

Wadau mnaonaje, niulize au ninyamaze? Tupieni maoni hapo chini. Nawakilisha.