Visiki vya Mtera na mzee anayevisoma

Wasafiri wa barabara ya Iringa–Dodoma wanaijua Mtera kwa perege wake. Gari likipunguza mwendo, samaki wa kukaanga hufika dirishani kabla hujauliza bei. Mimi nilinaswa na miti. Imejaa majini, imesimama wima, haina jani wala gome, na juu yake mnandi wameanika mabawa. Ilizama na pori lake bwawa lilipojazwa, zaidi ya miaka 40 iliyopita, na bado haijalala.

Kwa nini haikukatwa kwanza? Nilimuuliza mzee mmoja, mvuvi wa upande wa Migori. Akaniita mwanangu, akaniambia hilo limeshapita. Niulize visiki vinafanya kazi gani.

Kazi ya kwanza, alisema, ni kuwapa wavuvi hasara. Ukitega vibaya, kesho yake unashinda ukishona nyavu. Hata hivyo, anavipenda, na sababu yake ni kokoro. Kokoro hukokotwa hadi ufukweni likikomba kila kitu, wazazi na vifaranga. Ni haramu, ila usiku ni mrefu na bwawa ni pana. Kwenye visiki halipiti. Likijaribu, linabaki vipande. Humo perege na kambale wanapata pa kujificha. Kwa mzee, visiki ni askari wa doria wasiodai mshahara.

Kazi ya pili ni kupima maji. Kila kisiki anakijua kwa umbo lake: chenye panda, kilichoinama, cha mnandi. Kimoja kikitokeza mpaka penye panda, anajua wakati wa kuhamisha kambi umefika. Wahandisi wanasoma namba: mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, bwawa limejaa. 690, mitambo ya umeme haina haki ya kuchota tena. Katikati ni mita 8.5 tu, lakini Mtera ni uwanda. Maji yakishuka kidogo, ukingo unakimbia mbali, na mvuvi anaufuata na mtumbwi wake.

Ndivyo bwawa lilivyokusudiwa. Linahifadhi maji ya mto Ruaha Mkuu ili mitambo ya Kidatu, huko chini ya mto, yenye megawati 204, isikose maji kiangazi. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikuja baadaye, mwaka 1988. Tangu hapo maji yaleyale yanazalisha umeme mara mbili. Huko juu ya mto, mpunga wa bonde la Usangu nao unayahitaji maji hayo, na tangu miaka ya 1990 mto umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha.

Mzee hana ugomvi na umeme. Kinachomuuma ni perege. Dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, jike hutaga hapo, kisha huyabeba mayai mdomoni. Maji yakishuka haraka msimu wa kutaga, viota vinabaki kwenye tope kavu. Mzee huona hayo yakija kwa kutazama kisiki, maana hakuna anayemwambia mapema.

Sasa wapo wanaoitazama Mtera na kuona utalii: viboko, mamba, ndege, machweo juu ya maji. Nami natamani watu washuke garini, wakae, wale samaki bila haraka. Lakini boti za watalii zitataka njia, na njia itataka visiki ving'olewe. Visipong'olewa, vinaoza; mzee anasema vile vya ujana wake vingi vimeshaanguka.

Vikiisha, nani atalizuia kokoro usiku? Na wanaofungua maji Mtera watashindwa nini kumpa mvuvi taarifa mapema, naye ajipange kabla ukingo haujamkimbia?