Mhandisi na Muhuri Wake

Katika mazungumzo ya leo nataka kuwaelezeni habari za mhandisi, yaani yule ambaye wengi humwita injinia, na jinsi apatavyo idhini ya kufanya kazi yake. Huenda mkulima akauliza, "Yanihusu nini mimi?" Yakuhusu sana, bwana. Fundi akikujengea kibanda kibovu, utaziona mwenyewe nguzo zilizopinda, nawe utamwambia azing'oe. Lakini apitaye juu ya daraja hawezi kukipima chuma chake, wala akaaye chini ya bwawa hauoni msingi uliofukiwa ardhini. Hana budi kumwamini mtu asiyemjua. Basi sheria ya idhini imewekwa kwa ajili ya huyo asiyeweza kujipimia.

Nitatoa mfano wa Marekani. Zamani huko mtu ye yote aliweza kujiita mhandisi. Katika jimbo la Wyoming, ambalo ni nchi kame, waombao haki ya kutumia maji ya mito walitakiwa kupeleka ramani serikalini. Ramani nyingi zilichorwa na watu wasiojua kupima ardhi, hata wanasheria, nao wakatia sahihi kana kwamba ni wahandisi. Kwa hiyo mwaka 1907 Wyoming ilitunga sheria, ya kwanza katika nchi ile, kwamba asiyeandikishwa asifanye kazi hiyo.

Majimbo mengine yalifuata moja moja, California ilikawia. Huko aliishi William Mulholland, aliyeanza kazi Los Angeles kwa kusafisha mfereji wa maji, akajifundisha uhandisi mwenyewe kwa vitabu na kwa kazi. Mwaka 1913 alimaliza mfereji wa maili 233 wa kuleta maji mjini, na watu wakamheshimu mno. Kati ya 1924 na 1926 alijenga bwawa la St. Francis, kaskazini ya mji, lenye ukuta wa zege upatao futi 200 kwenda juu. Katika ujenzi ukuta uliongezwa kimo kwa futi 20 hivi, lakini unene wa chini haukuongezwa. Nayo sheria ya wakati ule haikuulazimisha mji kuionyesha kazi yake kwa mkaguzi wa serikali.

Asubuhi ya tarehe 12 Machi 1928 mlinzi wa bwawa aliona maji ya tope yakivuja. Mulholland akaja, akatazama, akasema hapana hatari. Usiku ule ule, saa sita kasoro dakika tatu, ukuta ulivunjika. Maji yalishuka bondeni zaidi ya maili 50 mpaka baharini, yakawachukua watu usingizini. Waliokufa walizidi 400. Mulholland alikubali kuibeba lawama. Baraza lililochunguza vifo vile lilisema kwamba kazi kubwa namna hiyo isiachiwe kamwe uamuzi wa mtu mmoja, hata awe mashuhuri namna gani. Mwaka uliofuata, 1929, California ilitunga sheria ya kukagua mabwawa, na sheria ya kuandikisha wahandisi wa ujenzi.

Sasa tuitazame njia yenyewe, kama ilivyo Marekani leo. Kwanza, kijana husoma chuo kikuu, kwa kawaida miaka minne, katika masomo ya uhandisi yaliyokaguliwa na kukubaliwa. Pili, hufanya mtihani wa misingi: hesabu, nguvu za vitu, tabia ya chuma na zege, mwendo wa maji, pamoja na maadili ya kazi. Akifaulu huitwa mhandisi mwanafunzi, lakini bado hawezi kusimama peke yake. Tatu, hufanya kazi chini ya mhandisi mwenye idhini, katika majimbo mengi kwa miaka minne. Nne, hufanya mtihani wa pili katika tawi lake la kazi. Katika California mhandisi wa ujenzi huulizwa zaidi juu ya matetemeko ya ardhi na upimaji, maana nchi ile hutetemeka mara kwa mara.

Ndipo apewapo idhini na ruhusa ya kutumia muhuri. Muhuri huo si pambo. Augongapo juu ya mchoro, husema, "Kazi hii nimeifanya mimi, au imefanywa chini ya uangalizi wangu, nami nitaijibia." Haruhusiwi kuugonga juu ya kazi asiyoisimamia. Akivunja miiko ya kazi, bodi ya jimbo yaweza kumnyang'anya idhini. Na akitaka kufanya kazi katika jimbo jingine, yampasa kuomba idhini ya huko.

Tanzania nako hali ni ya namna hiyo. Kwa sheria ya mwaka 1997, afanyaye kazi ya uhandisi hana budi kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mhitimu wa chuo hufunzwa kazini, kwa kawaida miaka mitatu, chini ya mhandisi mzoefu.

Tusidhani kwamba cheti humzuia mtu asikosee. Mulholland alikuwa hodari. Alichokosa ni jicho la pili juu ya kazi yake. Mitihani, miaka ya kufanya kazi chini ya mwingine, na muhuri wenye jina, vyote vyakusudiwa kuliweka jicho hilo. Nanyi wanafunzi mnaoitamani kazi hii, shikeni hesabu kwa bidii, na zoeeni tangu sasa kumwonyesha mwenzenu hesabu mliyoikokotoa, aipitie upya. Siku moja watu watalala chini ya ukuta mlioupima ninyi.