Mbeya, Iringa na Lami Katikati

Watoto wa Dar mna kitu kimoja mnazingua. Basi likishaipita Chalinze tu, kote huko mbele mnakuita "mkoani", utadhani Mbeya na Iringa ni kitaa kimoja kilichogawanywa na shamba la mahindi. Sio kesi, hamjatembea. Ila mtu akiniambia hiyo miji miwili inafanana, namwangalia kama kaniambia Simba na Yanga ni timu moja. Baridi ni ileile, sawa. Mzula kichwani ni uleule. Lakini mchizi wa Mwanjelwa na mchizi wa Miyomboni hawatembei sawa, hawabishani sawa, hata hela hawaitafuti sawa. Wengi wakitaka kueleza kwa nini, wanakimbilia makabila. Mimi naanza na lami.

Ile barabara kubwa ya kwenda Zambia ikitoka Mikumi inakushusha Ruaha Mbuyuni, chini ya mibuyu, joto la kufa mtu, wauza vitunguu wanakimbizana na madirisha ya basi. Halafu ghafla Kitonga hii hapa. Kona juu ya kona, lori limekamata gia namba moja linakoroma, korongo liko pembeni linakuchora tu. Abiria waliokuwa wanapiga stori wote kimya, hata yule mzee aliyekuwa anamponda dereva tangu Morogoro sasa anamwombea. Ukitokea juu, hewa imeshabadilika, Ilula wamepanga matenga ya nyanya kando ya njia, na mwenzako wa siti ya pili anafungua begi kutafuta sweta. Kuja huku ni kukaza, wanangu. Kurudi Dar ndio kitonga.

Sasa Iringa. Kitu ambacho wengi hawakishtukii ni kwamba barabara kuu haiingii mjini. Inapita chini, Ipogolo, karibu na mto Ruaha Mdogo, na mji wenyewe umejikalia juu ya mlima, kama mita 1,500 na ushee kutoka usawa wa bahari. Ukitaka kuingia unaikata lami, unapanda. Hata stendi kubwa ya mabasi iko kulekule chini, Igumbilo, kwa hiyo unashuka na begi lako, unapatana na wa bajaji, ndio uanze kukwea. Maana yake hakuna mtu anayejikuta Iringa kwa bahati mbaya. Aliyefika ameamua kufika, na wenyeji wamemwona tangu akiwa bondeni.

Hiyo ndiyo tabia ya mji mzima. Iringa inakuchora kwanza, inakusoma, halafu ndio inakusalimia, kamwene, kwa upole kabisa. Watu wa huko sio wa kelele. Mgeni anadhani wamepoa, anaanza kujiachia, kumbe wameshamjua yeye ni nani na anadaiwa wapi.

Na kukaa juu kulikuwa na sababu yake. Mjerumani aliupanga mji huu miaka ya 1890 akiwa na kidonda kibichi. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, watu wa Mkwawa, chifu wa Wahehe, waliuvamia msafara wa kamanda Zelewski wakaufyeka, na Zelewski mwenyewe akabaki palepale. Wajerumani walirudi na mizinga, wakaiangusha ngome ya Kalenga mwaka 1894, lakini mwamba mwenyewe hawakumpata. Aliwasumbua porini miaka minne, na mwaka 1898 alipoona wamemkaribia alijipiga risasi kuliko kushikwa. Fuvu lake lilikaa huko Ulaya mpaka 1954 ndipo likarudishwa, na leo liko kwenye makumbusho ya Kalenga, nje kidogo ya mji. Nenda kalione. Unaingia unatania, unatoka umekausha.

Jioni masela na mademu wanapanda jiwe la Gangilonga, lile ambalo wazee wanasema Mkwawa alikuwa akikaa kuwaza. Siku hizi ni chimbo la picha. Jua linazama, mji wote uko miguuni kwako, mabati na mawe, mawe na mabati, maana Iringa mawe makubwa yapo mpaka kwenye nyua za watu na hakuna anayejisumbua kuyatoa. Nyumba inalizunguka jiwe, maisha yanaendelea.

Ubaya wa mji mdogo unaujua. Sensa ya 2022 iliwakuta watu laki mbili na kidogo kwenye manispaa, na hao wote ni kama wana grupu moja la WhatsApp. Ukimzingua manzi Kihesa saa nne, saa sita Mlandege wanajua, na jioni Mshindo wanakuuliza maswali. Wanaoupa mji joto ni wanachuo: Chuo Kikuu cha Iringa, RUCU, Mkwawa. Vyuo vikifunga, mageto ya Kihesa yanabaki na panya, wauza chipsi wanalala mapema. Kuna mabishoo wa Dar bado wanaitania Iringa kwa habari za mahausigeli. Huo utani umechacha. Binti wa Iringa unayemcheka leo, kesho anaweza kuwa mwalimu wa mtoto wako, au wakili wa mwenye nyumba wako, ndio utajua hujui.

Na msimu wa mvua usisahau ulanzi. Unagemwa kwenye mianzi, ule wa leo ni mtamu, hauna noma. Ule wa jana ukiuchukulia poa unakukata miguu, halafu una mlima wa kupanda.

Ukitoka Iringa kwenda Mbeya una zaidi ya kilomita 300 za kukaa. Mafinga ni misonobari ya Sao Hill mpaka unaichoka, Makambako ni upepo na watu wanaobadilisha mabasi ya Njombe na Songea, Usangu joto linarudi na mchele unauzwa barabarani. Kisha unapanda tena, ukungu unakupokea, na konda anaanza kuita Uyole.

Hapo sasa mambo yanageuka. Mbeya lami haipiti chini wala pembeni, inapita tumboni. Uyole, Nane Nane, Sae, Mama John, Mafiati, mpaka Iyunga na Mbalizi huko, mji umejinyoosha kando ya barabara kwa kilomita na kilomita. Mji wa zamani uko juu, chini ya mlima Loleza: Uhindini, Sokomatola, Forest, mitaa yenye miti na utulivu, iliyoanza enzi za dhahabu ya Lupa kule Chunya, mwishoni mwa miaka ya 1920. Lakini waulize wanangu katikati ya jiji ni wapi. Hakuna atakayekutajia Uhindini. Watakwambia Mwanjelwa, Kabwe. Barabara ililiita jiji, jiji likashuka.

Bodaboda wengi wa Mbeya wamebandika sura ya Bob Marley kwenye tenki wakiota Kingston. Mimi nawaambia Kingston wanayo hapa. Kule Jamaika mji una bahari mbele na milima ya Blue Mountains nyuma, na kahawa yao inayosifika duniani inatoka milimani humo. Mbeya nyuma una Loleza na kilele cha Mbeya kinachopita mita 2,800, kahawa ipo Mbozi jirani tu, na mbele, badala ya bahari, kuna lami. Malori ndio meli. Ya shaba kutoka Kongo, ya Zambia, ya Malawi yanayokata Uyole kushika njia ya Tukuyu. Weka na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, iliyofunguliwa miaka ya 1970, na Tunduma mpakani, mwendo wa masaa machache. Kila siku kuna mgeni, kila mgeni ana mzigo, na kila mzigo una dalali.

Ndio maana mtu wa Mbeya ana akili ya bandarini. Haogopi sura ngeni, anaongea haraka, anabisha kwanza ndio anafikiria. Soko la Mwanjelwa liliungua 2006, watu wakalia, halafu wakatandika mzigo chini wakaendelea kuuza. Hawa ndio waliomchukua Sugu, mzee wa hip hop, wakampeleka bungeni 2010 wakati huko kwingine watu bado wanadhani rapa ni mhuni. Rayvanny wa Bongo Fleva naye ni wa hukuhuku. Na mpira? Mbeya City ilipanda ligi kuu, na msimu wake wa kwanza kabisa, 2013/14, ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, na Sokoine ikawa inajaa nyomi mpaka Wajelajela wa Prisons wakajiona wageni nyumbani kwao. Iringa nao wana Lipuli yao. 2019 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Azam moja bila kule Lindi, na wenyewe wakaimeza kimya kimya. Ingekuwa Mbeya wangebishana mpaka leo kama lile goli lilikuwa halali.

Jumapili ndio utachanganyikiwa. Yuleyule dalali aliyekupiga kwenye parachichi Ijumaa, leo ametinga suti, anaongoza kwaya. Makanisa Mbeya yamejaa kila kona, Moraviani na Walokole wanashindana spika, na asubuhi hiyo hata bajaji zinapiga gospo.

Halafu wanayo na bahari ya maji ya kweli, karibu. Kutoka Uyole unashuka Rungwe, migomba na chai pande zote, mvua ya Tukuyu inakusindikiza, mpaka Kyela ambako sweta linakuwa adui. Kutoka mita 1,700 za Mbeya unafika ziwa Nyasa lililo chini ya mita 500. Matema kuna mchanga, kuna mawimbi, na milima ya Livingstone imesimama nyuma ya maji kama ukuta. Wakisi wanafinyanga vyungu na kuvisafirisha kwa mitumbwi, na vyungu hivyo utavikuta sokoni Mbeya. Watu wanachanga mafuta ya gari kwenda kula bata Zanzibar wakati Matema ipo na haina nyomi. Hapo kusema kweli wana Mbeya mnajiangusha. Kila kitu mnajua kukinadi isipokuwa hicho.

Tatizo ni kwamba lami inayolisha ndiyo inayoua. Malori yanayofeli breki kwenye ile miteremko ya kuingia jijini yameshaondoka na watu wengi, na foleni ya Mafiati inakula muda wako bila huruma. Sasa wanatanua njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Ni poa, tuliisubiri sana. Ila mama anayeuza chai kando ya lami na kijana mwenye meza ya mitumba wanatakiwa wapangiwe pa kukaa kabla katapila halijafika, sio baada ya vumbi kutulia. Wao ndio mji.

Ukiniuliza pa kuishi, nitakupa jibu la kisela. Kama unasoma, unaandika, au una moyo uliovunjika, kaa Iringa. Hakuna atakayekupigia kelele, ingawa wote watajua. Kama unatafuta mkwanja na una ngozi ngumu, Mbeya. Na mji wowote utakaoutembelea kwanza, Juni na Julai usije na fulana. Koti la maana lipo Mwanjelwa, na muuzaji akikutajia bei ya kwanza, kata nusu kabla hujacheka.